Majina Sitini na Moja ya Lipovka

Novi Yam, 14 Oktoba 2002

Kaka Rodya,

Sasa hivi tu binti yangu Ustinya ameingiza kipande cha mkate wa siagi kwenye tundu la disketi la kompyuta. Amekisukuma kwa kidole mpaka kikazama, kisha akageuka kunitazama kama mtu aliyemaliza kulisha kuku. Nimekitoa kwa uma, siagi imebaki ndani. Ana mwaka na nusu, anatembea, na kila tundu analoliona anadhani lina njaa.

Sisi wazima. Mume wangu Yegor yuko msituni kwenye magogo, anarudi Jumamosi kwa Jumamosi akinuka utomvu na dizeli. Viazi tumepata magunia kumi na manne. Bibi Palasha wa nyumba ya pili anakuinamia kwa salamu, na anauliza kama huko kisiwani mnalala pamoja na dubu au dubu wana nyumba zao. Nimemwambia kazi yako ni kupima upepo na baridi na kutuma nambari kwa redio. Akasema, "Baridi angeipimia hapa hapa, akae kwenye kizingiti changu." Nami nakuinamia, kaka yangu. Ni miaka minane sasa. Sirudii maneno ya siku ile, wala wewe usiyarudie, tuandikiane tu.

Jambo lenyewe ni hili. Siku ya Radonitsa mwakani, tutakapokwenda kwa wafu wetu na mayai ya Pasaka, wazee wanataka jiwe lisimamishwe ukingoni mwa bwawa, lenye majina. Makaburi ya vijiji vyote kumi na kimoja yako chini ya maji, na kila mwaka tunasimama pale ukingoni kama watu waliosahau walichokifuata. Bibi Palasha anasema mfu asiyetajwa jina siku hiyo anabaki mlangoni, hajakaribishwa, na wa kwetu wamesimama mlangoni tangu maji yalipopanda.

Majina yote alikuwa nayo Baba. Unakumbuka alivyopita nyumba kwa nyumba miaka ishirini akiwauliza wazee nani kalala wapi. Yote akayaingiza kwenye kompyuta uliyomwachia, na madaftari akawashia bafu la mvuke, moja kila Jumamosi, akisema karatasi huoza, mashine haiozi. Bibi Palasha anasema hajawahi kuoga na watu wengi kiasi kile.

Basi mashine imeoza. Baba alipozikwa ile kompyuta ilikohoa mara moja, kisha ikazima. Mwalimu wa shule aliwahi kuyatoa mafaili kumi na moja, faili moja kijiji kimoja, akayahamishia kwenye kompyuta ambayo shule ilikuwa inaitupa, akanipa. Lakini hata majina ya mafaili hayasomeki. Moja linaitwa hivi, nimelichora kama lilivyo: ѓЋђ…‹…–. Ukilifungua, ndani ni uchafu wa aina hiyo hiyo, mistari na mistari. Nimekuchorea majina ya mafaili na mistari ya mwanzo kwenye karatasi ya pili. Mkono umeniuma. Mimi niliishia darasa la nane, Rodya, wewe ndiye uliyesoma mambo haya. Niambie kama yamekufa au yanaumwa tu.

Mchonga mawe anataka orodha kabla ya Aprili.

Dada yako Tasya


Kituo cha hali ya hewa, kisiwani, 9 Desemba 2002

Tasya mdogo wangu,

Barua yako imekuja na helikopta ya jana, pamoja na vitunguu na betri. Jua limeacha kuchomoza tangu mwezi uliopita, lakini tuna makaa na tuna chai. Niko mzima. Tuko watatu, na mpishi wetu anaimba. Mwambie Bibi Palasha dubu wana nyumba zao, ila zetu wanazipenda zaidi. Mbusu Ustinya kwenye kidole kile cha mkate.

Hakuna kilichooza, na nataka ulijue hilo kabla ya lolote. Mashine haijui herufi, inajua nambari tu, na pembeni ina jedwali linalosema nambari hii ni herufi ile. Balaa ni kwamba nchi yetu ilitengeneza majedwali kadhaa, kila fundi la kwake, kama wake wenza wasiotaka kutumia sufuria moja. A kubwa kwenye jedwali la ile mashine kuukuu ni 128. Kwenye mashine mpya ni 192. Kwenye jedwali la tatu, lililopendwa mjini, ni 225. Baba aliandika kwa jedwali kuukuu, wewe unasoma kwa jipya. Nambari zake ziko palepale alipoziweka. Macho tu ndiyo si yake.

Nimekaa mezani na penseli. Ule mchoro wako ni Gorelets. Angalia, nukta tatu zimetokea mara mbili kwa sababu Gorelets ina E mbili. Mengine nimekuandikia pembeni ya kila mchoro. Mafaili mawili ya mwisho ni ya namna nyingine: herufi zake ni za kwetu kabisa ila hazina maana, na kubwa zimekuwa ndogo, ndogo zimekuwa kubwa. Hayo ni ya jedwali la tatu. Bila shaka aliyaandika mjini, alipokwenda kunakili kitabu cha kanisa.

Sasa fanya hivi. Kwanza nakili kila faili kwenye folda nyingine, na zile za kwanza usiziguse tena, hata Ustinya akilia. Kisha mwombe mwalimu ile programu ya kufungulia inayokuuliza jedwali. Jaribu lile kuukuu, likikataa jaribu la tatu. Maneno yakisomeka, ndipo uhifadhi kwa jedwali jipya, kwa jina jingine. Yasiposomeka, funga bila kuhifadhi. Hilo la mwisho lishike sana. Herufi mbaya hazitishi. Kinachotisha ni alama za kuuliza. Mashine ikikutana na nambari isiyo na mahali kwenye jedwali lake, na wewe ukaiambia ihifadhi, inaifuta na kuweka alama ya kuuliza. Hapo hakuna tena cha kufasiri. Hata mimi siwezi, hata aliyeiunda hawezi.

Umeandika mafaili kumi na moja, lakini umenichorea kumi. Lipovka haipo. Kijiji cha Mama. Umesahau?

Rodion


Novi Yam, 26 Januari 2003

Kaka Rodya,

Ustinya anakuinamia kwa kichwa chake mwenyewe, nimemfundisha. Meno yote ya mbele yameota. Yegor ameumia kidole gumba, si sana. Barua yako ilikaa posta ya mkoa wiki tatu, theluji ilifunga reli.

Rodya, yamesomeka. Nilimleta Bibi Palasha aketi karibu nami, nikabonyeza jedwali kuukuu kama ulivyosema, na Gorelets ikatokea kama uso wa mtu anayeibuka majini. Bibi hakuamini.

"Nani kayaandika sasa hivi?"

"Hakuna, Bibi. Yalikuwemo."

"Yalikuwemo wapi na mimi nilitazama juzi nikaona kunguru?"

Nikamweleza habari ya nambari na majedwali. Akafikiri, akasema, "Kwa hiyo kipofu alikuwa mashine." Kisha akaniuliza jambo nililoliona hata mimi, kwamba katika ule uchafu majina ya wanawake yote yalikuwa na shimo mwishoni, nafasi tupu. Sikujua. Nikafungua yote mawili ubavu kwa ubavu, nikaona kila penye shimo pana herufi a. Marina, Agafia, Ksenia, wote yale mashimo yamejaa. Bibi akasema, "Ndivyo ilivyo, mwanamke hata akiandikwa humwachia mwingine nafasi." Nilicheka mpaka Ustinya akaamka.

Vijiji kumi vimekamilika. Yale mawili ya mwisho yamekubali jedwali la tatu. Majina mia saba na tisa. Nimeyanakili kwa mkono pia, safari hii hakuna wa kuwashia bafu.

Sasa nikwambie ya Lipovka. Sikusahau.

Ilikuwa Septemba, kabla sijakuandikia. Nilianza na Lipovka kwa sababu ya Mama, na kwa sababu bibi yetu Lukerya amelala huko. Nilipoona uchafu nikadhani ni mwandiko wa mashine tu, kama vile mtu anavyobadilisha hati. Nikaufungulia kwenye programu ya barua, nikauona umekuwa herufi za Kizungu zenye vikofia na nukta. Nikachagua herufi zote, nikaiambia ziwe za Kirusi, nikabonyeza kuhifadhi. Ikatokea karatasi ndogo kwenye kioo ikisema baadhi ya alama zitapotea, je, niendelee. Ustinya alikuwa amepanda juu ya kiti anashika birika. Nikabonyeza ndiyo. Nikamkimbilia.

Niliporudi zilikuwa alama za kuuliza. Mstari kwa mstari. Mistari yenyewe ipo, Rodya, urefu wa kila jina upo, hata nafasi kati ya jina na jina la baba ipo. Nimehesabu mistari sitini na moja, kisha nafasi, kisha mistari michache mingine. Ni kama vitanda vilivyotandikwa na hakuna wa kulala. Disketi aliyohamishia mwalimu ameshaandikia maksi za darasa la saba. Nimemuuliza mara mbili.

Sikukuandikia kwa sababu niliogopa utanijibu kwamba haiwezekani, na nilitaka kubaki na tumaini kidogo. Ulipoandika habari ya alama za kuuliza nilikwenda bandani nikakaa na mbuzi.

Bibi Palasha ndiye pekee aliyebaki aliyezikia watu Lipovka. Nimemwambia ukweli. Hakunigombeza. Alikaa akakumbuka majina ishirini na matatu, siku mbili, akishika kidole kimoja kimoja. Akafika kwa mtu fulani akaacha kuhesabu, akasema, "Basi, mengine alikuwa nayo Zakhar, baba yako. Mengine nilimwambia yeye tu." Akavaa buti zake akaenda kwake bila chai.

Kaka, nakuuliza kitu na usikasirike. Kila vuli Baba alikuwa akifunga kibahasha cha mraba, kigumu, akakipeleka posta mwenyewe hata miguu ilipokuwa imevimba. Nilimwuliza mara moja ni nini. Akasema, "Cha Rodion." Je, ulivipokea?

Tasya


Kisiwani, 20 Machi 2003

Tasya,

Niko mzima. Jua limerudi, linakaa chini chini kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Mpishi ameacha kuimba kwa sababu ya jino. Pole kwa kidole cha Yegor.

Barua yako nilikuwa nayo mwezi mzima. Helikopta ya Februari iliondoka bila jibu langu. Usimlaumu mtu wa posta, ni mimi.

Nilivipokea. Viko vinane. Viliniandama kila nilikohamia, na mimi nilivitia kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda bila kufungua hata kimoja. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne siku ya mazishi ya Mama, lakini ulisikia, kila mtu alisikia. Nilimwambia Baba mbele ya jeneza kwamba anajua wafu wa vijiji kumi na kimoja kwa majina, ila hakujua kwamba mkewe anaumwa. Kisha nikapanda gari moshi. Kila bahasha ilipokuja nilidhani ndani kuna jibu lake. Niliogopa jibu lenyewe, liwe la hasira au lisiwe.

Jumanne iliyopita nimevifungua. Kila kimoja kina disketi moja na hakuna barua. Hapa tuna mashine kuukuu ya kuandikia vipimo, ndugu ya ile ya Baba, ina jedwali lile lile. Sikuhitaji kufasiri chochote. Niliingiza, yakaja yenyewe, mazima.

Alikuwa akinitumia Lipovka. Si vijiji vyote. Lipovka tu, kila mwaka, jinsi ilivyokuwa ikijaa. Mwaka wa kwanza majina thelathini na nane, wa mwisho sitini na moja. Nimekunakilia kwa mkono, karatasi nne, kwa sababu karatasi ina jedwali moja tu, na kwa sababu tundu lako lina siagi. Soma polepole, mwandiko wangu umezoea nambari.

Wa sitini na moja ni Mama, Marfa, ingawa amezikwa kwenu Novi Yam. Baba amemrudisha kwa watu wake. Yupo tangu disketi ya kwanza, kila mwaka akimsogeza awe wa mwisho. Kando ya jina lake, kila mwaka, ameandika neno moja: sikuona. Hilo usilisome ukingoni. Majina tu.

Ile mistari michache ya chini, baada ya nafasi, uliyoihesabu. Ni orodha ya walio hai, ya kuombewa afya, kama anavyopelekewa padri. Ya mwisho inasema: Taisia, ndiwe kwa jina la kanisani, Yegor, mtoto Ustinya. Juu yao nipo mimi, wa kwanza, na ndivyo nilivyo kwenye zote nane. Rodion aliye safarini. Ndivyo wanavyoandikwa wasafiri kanisani, najua. Lakini nimekaa nalo hilo neno siku hizi zote. Miaka minane mtu amenihesabu kwamba niko njiani.

Mkataba wangu unaisha Julai, meli ikija. Sijaandika kama nitaongeza au la. Sanduku nimelitoa chini ya kitanda, liko mezani.

Umeandika kwamba ulibonyeza ndiyo kwa sababu mtoto alishika birika. Ulifanya sawa, Tasya. Birika kwanza. Mimi sikuwa na mtoto wala birika, nilikuwa na miaka minane na mikono yangu miwili.

Rodion


Novi Yam, ukingoni, 6 Mei 2003

Rodya wangu,

Ustinya amegonga yai lake kwenye jiwe jipya, limepasuka, anakula na ganda. Nimeketi kwenye gogo nikikuandikia juu ya goti, kwa sababu nilitaka barua hii iwe na ya leo ndani yake. Upepo unatoka majini. Watu ni wengi kuliko nilivyodhani, wengine wamekuja na mabasi kutoka mkoani na ngano ya asali kwenye masufuria na chapati zimefungwa kwenye taulo.

Karatasi zako zimefika Jumamosi. Mchonga mawe alikwisha kumaliza tangu Pasaka. Alichonga vijiji kumi, na pa kumi na moja akaandika Lipovka na chini akaacha patupu, palipong'arishwa, unajiona uso. Niliomba apaache hivyo. Yegor amesema tutalipa pachongwe kabla ya vuli, na leo tunasoma kwa mdomo.

Jumapili nilikwenda na karatasi zako kwa Bibi Palasha. Alikuwa anakanda unga. Nikamsomea bila yeye kuacha kukanda, na kila jina alitingisha kichwa, wengine akawasema, "Huyo mlevi," "Huyo alikuwa na sauti," "Huyo ana deni langu la sufuria." Nikafika wa arobaini na nne. Nikasoma: Savvati, mtoto wa Pelageya, siku sita.

Akaacha kukanda. Pelageya ndilo jina lake la kanisani.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Zakhar kaandika siku sita?"

"Siku sita, Bibi."

"Ni kweli zilikuwa sita. Mume wangu alisema asiyefikisha mwezi hahesabiwi, tusimtaje. Nilimwambia baba yako kule kisimani, mara moja tu, miaka hiyo, sikujua kama alikuwa anasikiliza." Akapangusa mikono kwenye aproni muda mrefu kuliko ulivyohitaji unga uliokuwepo. Kisha akasema, "Mwambie Rodion mwandiko wake ni mbaya lakini nimemwona mwanangu ndani yake." Nimekwambia.

Leo amevaa kitambaa cheupe. Ameleta yai dogo la kuku wa kwanza kutaga, hakulipaka rangi nyekundu, amelipaka kwa maganda ya vitunguu, na hamruhusu mtu kulishika.

Lile neno la Baba, sikuona, sitalisoma. Nililitazama sana. Nadhani alikuwa anakujibu kila mwaka, akingoja ulifungue, na kwamba hakuwa na neno jingine. Usilie huko peke yako. Mpe mpishi sababu ya kuimba tena.

Padri amemaliza kuombea kijiji cha Stari Bor. Sasa ni Gorelets, ile yenye nukta tatu mara mbili. Wanasoma wajukuu, kila mtu na karatasi niliyomnakilia, na watu wa kijiji hicho wanasogea mbele mpaka maji yanagusa viatu. Lipovka ndiyo ya mwisho. Hatuna mjukuu mwingine, nitasoma mimi, na Ustinya mgongoni.

Kuna jambo moja nimelifanya bila kukuuliza. Baada ya wafu padri husoma walio hai, nami nimeandika upya ile mistari ya chini ili aisome wazi, kwa mwandiko wako angekwama. Taisia, Yegor, mtoto Ustinya, nimemwongeza na Bibi Palasha. Nilipofika kwako, pale wa kwanza, kalamu ilikataa. Nikamwuliza Bibi, aliye safarini ni anayekwenda, je, anayerudi anaandikwaje? Akasema, "Kanisani hakuna neno lake, mwanangu, andika unavyomjua." Nikafikiri usiku na mchana, na asubuhi hii kabla ya kutoka nikaliacha lile "aliye safarini" la Baba, naomba anisamehe, na mahali pake nime

Bibi ananipungia yai lake, anaita, "Taisia, weka kalamu, Lipovka wamesimama," ngoja, nilitaka kukwambia kwamba mahali pake nimeandika